Mwaka Buluu Ilipompotea Mzee Kimeli

Mzee Kimeli alizikwa kwake Kiplombe Jumamosi iliyopita, na mimi niliombwa kusema machache kwa niaba ya watu tuliofanya naye kazi. Sipendi kabisa mambo ya kusimama mbele ya hema na kipaza sauti kinachokoroma, lakini Mama Chebet, mjane wake, alinishika mkono akaniambia, "Nyambura, wewe ndiye unajua vile alikuwa kazini," na mtu hakatai ombi la mjane. Basi nikasema. Nikasema alivyokuwa bingwa wa rangi, sweta za shule zilivyopita mkononi mwake mwaka baada ya mwaka, na alivyonifundisha kazi iliyonisomeshea watoto. Watu wakapiga makofi. Kijana aliyekuwa akiongoza shughuli akaongeza chumvi yake: "Huyu mama ndiye alikuwa macho ya mzee!" Makofi tena. Nikaketi, nikaletewa sahani ya wali na nyama, nikaiweka chini ya kiti. Mzee Kimeli aliishi nusu ya maisha yake ya utu uzima akiwa kipofu, na katika hema lile lote hakukuwa na mtu aliyejua sehemu yangu katika upofu huo. Nimechoka kunyamaza nayo. Nitaueleza mwaka wenyewe ulivyokuwa, na mwenye kunihukumu anihukumu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikipanga chumba kimoja Munyaka, mtaa wetu Wakikuyu pale Eldoret, ukuta wa mbao umebandikwa magazeti, na nilikuwa na miezi minne tu katika chumba cha rangi cha kiwanda cha nyuzi kilichokuwa upande wa chini wa mji. Siku hizi pale ni maghala ya mahindi. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, na dirisha moja kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja. Kuta zilikuwa za kijivu, meza ya kijivu, na sisi wenyewe tulivaa makoti ya kijivu, kwa sababu ukuta wenye rangi humdanganya mtu jicho. Siku ya kwanza nilikuja na kitambaa cha njano kichwani, Mzee Kimeli akaninyooshea kidole mlangoni: "Hiyo acha huko nje. Hapa ndani tuko na kazi ya kujua ukweli." Nilikasirika. Kitambaa kilikuwa kipya! Lakini nilikivua, na kwa miaka kumi na tisa niliyofanya kazi katika chumba kile sikuvaa tena kitu cha rangi kichwani.

Kazi ilikuwa hivi. Kila tangi la rangi kule chini likichemka, walileta juu kifungu kidogo cha uzi, tukikaushe, tukilinganishe na sampuli ya shule husika. Shule ya wavulana ya huku inataka damu ya mzee, ya wasichana ya kule inataka buluu nzito, nyingine kijani cha chupa, na mwalimu mkuu hataki kusikia kwamba sweta za kidato cha kwanza hazifanani na za kidato cha nne. Mimi nilidhani rangi ni jina tu. Nyekundu ni nyekundu, basi. Mzee Kimeli alinicheka mpaka akatoa miwani. "Kwetu mtu akipoteza ng'ombe, akisema tu amepoteza ng'ombe mwekundu, nani atamletea? Wekundu wako wangapi?" Kisha akanipa somo ambalo mpaka leo naweza kulisema usingizini. "Rangi unaiuliza maswali matatu. La kwanza, jina lako nani? Wewe ni buluu ama ni kijani? La pili, umekaa kwa jua ama umekaa kwa kivuli? Hapo unajua kama ni nyepesi ama ni nzito. La tatu, umeshiba ama uko na njaa? Kuna nyekundu imeshiba mpaka inapiga kelele, na kuna nyekundu imekonda, ni kama mtu aliweka majivu ndani. Sasa watu wanachanganya hiyo ya pili na ya tatu. Wanasema imefifia, wamemaliza. Imefifia namna gani? Imeenda kwa jua, ama imekosa chakula? Ukikosea hapo, mtu wa tangi ataongeza dawa na alikuwa anatakiwa kupunguza."

Na majibu hatukuyaandika, maana mvuke wa kule chini uliharibu karatasi kabla hujafika ngazi ya mwisho. Tuliyafunga kwa mafundo. Kifungu cha uzi kilikuwa na kamba tatu: fundo kwenye kamba ya juu lilisema jina limepotea, ya katikati lilisema mwanga una kasoro, ya chini lilisema shibe. Fundo moja ni zaidi, mawili ni pungufu, na la jina, moja lilimaanisha rangi imeelekea upande wa kijani na mawili upande wa nyekundu. Mzee alifunga, mimi nikateremsha. Hakuna aliyekagua mafundo ya Mzee Kimeli. Alikuwa ameyafunga tangu kiwanda kifunguliwe, na kijana kumkosoa mzee mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo hata halikupita akilini.

Mwezi wa pili wa mwaka ule nikaanza kuona kitu. Kwa wiki mbili nzima, kila kilipokuja kifungu cha buluu, kamba ya juu ilishuka ikiwa tupu. Nyekundu alizimaliza kama kawaida yake, maruni, chungwa, zote. Buluu tu. Nikajiambia basi watu wa tangi wamekuwa hodari. Halafu siku moja akanipa kifungu cha shule ya wasichana, amefunga mafundo mawili ya katikati peke yake, kwamba ni nzito mno. Nilipofika katikati ya ngazi, penye dirisha, nikakitazama. Uzi ule ulikuwa umeingia kijani waziwazi. Hata mama wa kuuza mboga sokoni angeuona. Tangi zima lilikuwa linangoja neno langu, kilo kwa mamia. Pale pale ngazini nikafungua mafundo ya mzee kwa kucha, nikafunga langu kwenye kamba ya juu. Nikateremka nikampa mtu wa tangi bila kumtazama usoni. Tangi likapona. Kesho yake nikafanya hivyo tena, na kesho kutwa.

Aligundua yeye mwenyewe, kwa vidole. Mafundo yangu yalikuwa madogo, yake yalikuwa makubwa. Kifungu kilirudishwa juu baada ya kurekebishwa, kamba bado iko, akaipapasa. "Nani alifunga hii ya juu?" "Ni mimi, mzee." Nilifikiri atanifukuza. "Ilikuwa imeenda wapi?" "Kwa kijani, mzee." "Sana?" "Sana." Akaniambia nifunge mlango. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao, akavua miwani, akaniambia polepole kwamba tangu Krismasi buluu inampotea. Anaiona, ndiyo, lakini imechanganyika na kijani na kijivu, zote zimekuwa kitu kimoja. "Hii ni mtoto wa jicho," akasema. "Hata baba yangu alikuwa nayo. Lazima iive kwanza ndiyo daktari aitoe, ukiitoa mbichi unaharibu. Mimi nastaafu Disemba. Miezi kumi, Nyambura. Nikimaliza naenda natolewa, nakaa na ng'ombe zangu. Wakijua saa hii, nitatoka hapa kama mtu ameiba." Sikuchukua hata dakika moja kufikiri. Nilimwambia, "Mzee, tutamaliza pamoja." Nilijiona shujaa kabisa, Mungu anisamehe.

Nilimpenda yule mzee, hilo niliseme wazi. Alikuwa akija na chupa ya maziwa lala kutoka kwa mke wake, na saa ya chakula alinimiminia nusu bila kuniuliza kama nataka. Lakini haikuwa upendo tu. Mwaka ule maneno yalikuwa mengi Eldoret, watu wakihesabiana nani ni mwenyeji kama mzee na nani ametoka mbali kama mimi. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya kantini na sahani yangu ya githeri, mahindi na maharagwe, wanawake wawili wa idara ya kushona wako mbele yangu, hawajaniona. "Yule msichana wa juu, si anaangalia kiti cha mzee?" mmoja akasema. Mwenzake akajibu, "Si unawajua hao wa Munyaka. Wanaingia pole pole, kesho utasikia ndiye bosi." Wakacheka. Nilipoketi kula, githeri iligeuka mchanga mdomoni mwangu. Nikaelewa kwamba nikisema mzee haoni, hakuna atakayesikia neno "haoni". Watasikia tu kwamba Nyambura amemng'oa mzee wa watu. Kwa hiyo nilinyamaza kwa sababu mbili, na nikajiambia ni moja.

Mwezi wa sita akaja meneja mpya, mtu wa suti, mtulivu, haongei sana. Shule fulani ilikuwa imelalamika juu ya sweta zake, na yeye akasema watu wote wa chumba cha rangi watapimwa. "Atakayeshindwa," akatuambia, "ataenda kwa daktari wa macho kwanza, kiwanda kitalipa, halafu tuone." Tuliposikia hivyo tulitazamana na mzee. Mlango ulipofungwa akasema, "Hiyo ndiyo njia yao ya kusukuma mtu nje wakiwa wanacheka." Nami nikaitikia, ndiyo, mzee, ni hivyo tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba labda yule bwana alimaanisha alichosema.

Mimi nilipimwa asubuhi, nikapita. Saa nne ikawa zamu yake. Meneja alikaa mezani na vifungu kumi vya uzi, viwili viwili, akitaka kuambiwa tu ni sawa ama si sawa. Mimi niliambiwa nisimame nyuma ya meneja niandike majibu. Tulikuwa tumepanga. Nilikuwa na kalamu ya kubonyeza: nikibonyeza mara moja, si sawa, nikinyamaza, ni sawa. Jozi ya kwanza ilikuwa nyekundu, hakunihitaji. Ya pili buluu. Mzee akazipeleka dirishani kwa mwendo wake wa kila siku, akazigeuza, mimi nikabonyeza. Mlio ule mdogo ulisikika masikioni mwangu kama bati limeanguka. "Si sawa," akasema, "hii ya kushoto imeingia kijani." Ya tatu, kimya changu, "Sawa." Ya nne, nikabonyeza tena, na meneja akageuza shingo. "Dada, hebu acha hiyo kalamu, unanisumbua." Nikaiweka mezani. Ikabaki jozi ya tano, buluu nzito zote mbili, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliona wazi kwamba moja imekosea, lakini sikuwa na njia ya kumwambia.

Mzee Kimeli alizichukua. Alisimama dirishani muda mrefu mpaka meneja akaanza kugonga vidole mezani. Nikawa naomba kwa Kikuyu, kimoyomoyo, maneno hayana hata mpangilio. Akazipitisha nyuzi kati ya vidole, akaiweka moja shavuni. Akageuka, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mwalimu. "Bwana meneja, nani alileta hii? Hii ina unyevu ndani. Uzi haujakauka haupimwi, hata mtoto wa hapa anajua. Ukikauka itakuwa rangi ingine. Mimi siwezi kusema sawa ama si sawa kwa uzi mbichi." Meneja akauchukua, akaufinya, akaukuta kweli ni baridi. Akatabasamu mara ya kwanza tangu aje. "Mzee, wewe ni mtu wa kazi," akasema, akampa mkono. Alipotoka niliketi sakafuni nikacheka na kulia kwa pamoja, na mzee naye akacheka akisema, "Nyambura, vidole havizeeki!" Mchana huo tulikunywa maziwa lala yote. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini, wala baadaye sikuipata.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuhesabu siku. Lakini mambo yalibadilika, na hapa ndipo siwezi kujitetea. Mzee alianza kuangusha vitu vya upande wa kushoto. Kikombe cha chai, mara mbili kwa wiki moja. Akagonga troli lililosimama wazi kabisa kwenye njia, akapasuka goti. Nikamuuliza, akasema, "Mbele naona, msichana. Ni pembeni imefungwa. Ni kama naangalia kwa bomba." Nikamfungia goti kwa kitambaa, tukawaambia watu ameteleza. Sasa, pale Munyaka nilikuwa na jirani, Mama Njoki, ambaye alikuwa ametolewa mtoto wa jicho mwaka uliopita. Jumapili moja, tukianika nguo, nilimuuliza kwa njia ya mbali tu, ulikuwa unaona aje? "Ukungu," akasema. "Ukungu kila mahali, kama asubuhi ya Timboroa." Nikamuuliza, haikuwa kama bomba? Pembeni imefungwa? Akaacha kukamua shuka akanitazama. "Bomba? A-a. Hiyo si yangu. Hiyo ni kitu ingine. Nani anaona hivyo?" Nikasema hakuna, ni hadithi nimesikia. Akasema, "Basi huyo wa hadithi aende hospitali haraka." Hiyo ilikuwa Oktoba. Nilirudi chumbani nikaketi kitandani nikahesabu: wiki tisa. Wiki tisa tu na mzee atatoka kwa heshima, na mimi pia nitakuwa nimetoka msafi, hakuna atakayesema nilimchimba. Jumatatu nikaenda kazini na sikumwambia mzee neno.

Disemba wakamfanyia sherehe uwanjani, soda na mbuzi, akapewa blanketi na kiti cha kuegemea. Meneja alisoma hotuba, akasema chumba cha rangi hakikuwahi kuwa na makosa machache kama mwaka huo. Wanawake wa kushona walipiga vigelegele, hata wale wawili wa kantini. Mzee alinitafuta kwa kugeuza kichwa kizima, kama alivyokuwa amezoea kufanya, akaniita mbele na kuniambia mbele ya wote nikae kwenye kiti chake cha mbao, maana yeye mwenyewe ndiye amesema nikikalie. Nikakikalia. Hakuna aliyenung'unika.

Januari, wiki ya pili, nikaomba ruhusa nikampeleka hospitali mjini, mimi na Mama Chebet. Mama Chebet alibaki kwenye benchi la nje na kapu la chakula, kwa sababu waliruhusu mtu mmoja tu kumsindikiza mgonjwa, na mzee akasema, "Nyambura aingie, ndiye anajua." Daktari alikuwa mwanamke, si mkubwa kuliko mimi kwa miaka mingi. Alimulika macho yale kwa tochi ndogo, akamweka kidevu kwenye chombo, akamulika tena, akawa anachukua muda zaidi ya niliotarajia. Mzee alikuwa mchangamfu. Alimuuliza kama mtoto wa jicho ameshaiva. Daktari akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa. "Mzee, hakuna mtoto wa jicho hapa," akasema. "Hii ni presha ya macho. Hii haiivi. Hii inakula mshipa pole pole, inaanza na rangi, halafu pembeni, halafu yote. Iliyoenda imeenda, siwezi kuirudisha. Tungeikamata mapema, dawa ya matone ingeizuia. Sasa tutajaribu kulinda hiyo kidogo imebaki, lakini sitakudanganya." Kisha akachukua faili. "Ulianza kuona vibaya lini?"

Nikadakia. "Juzi juzi tu, daktari." Ulimi wangu ulikuwa umezoea kudanganya kwa ajili yake, ukaruka wenyewe.

"A-a, Nyambura, daktari haambiwi hivyo," mzee akasema. Hakuonekana kama ameelewa bado alichoambiwa, au labda alikuwa ameelewa na hakutaka nione. "Ni mwaka mzima, daktari. Hata zaidi. Walitaka kunipeleka kwa daktari wa macho tangu mwezi wa sita, lakini huyu msichana alinificha vizuri sana, meneja mwenyewe hakujua."

Kalamu ya daktari ilisimama juu ya karatasi. Alinitazama, si kwa ukali, na hilo ndilo nimeshindwa kulisahau. Akaniuliza, "Na wewe ni nani wake?"

Mzee Kimeli akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akapata bega langu, akalishika kwa nguvu.

"Huyu," akasema, "ndiye alinisaidia."